Siku Niliyoikana Kazi Yangu Nikiwa Ndani ya Sare Yake

Kuna watu huona haya kusimulia walivyoteleza mbele za watu, wakaanguka, wakainuka wakajipangusa. Mimi sikuanguka. Ningefurahi sana kuanguka. Mimi niliketi wima kabisa ndani ya basi, kofia ya nesi kichwani, saa ya nesi inaning'inia kifuani, viatu vyeupe miguuni, nikamtazama mtoto wa watu machoni nikamwambia mimi si nesi. Na hapo ndipo mambo yalipoanza. (Mume wangu hukisimulia kisa hiki vibaya, huongeza pingu ambazo hazikuwapo, kwa hiyo leo nakisimulia mwenyewe mjue wapi nilikosea na wapi nilionewa tu.)

Naitwa Wakesho, kwetu ni Taita. Nilisomea uuguzi Kenya, nikafanya kazi wodi ya wazazi miaka kadhaa, mpaka nilipoolewa na Mwadime, ambaye wakati huo alikuwa ameshajiunga na jeshi la Uingereza. Sasa kuolewa na mwanajeshi, wenzangu, ni kuolewa na sanduku la safari. Tulianzia Ujerumani, kwenye kambi yao huko, na leseni yangu ya Kenya ikawa haina kazi yoyote isipokuwa kukaa kwenye bahasha. Wajerumani wakataka nijue Kijerumani kwanza, sawa, nikaanza kujifunza, nimefika mahali ambapo naweza kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi (jibu lake sasa nisilielewe), tukaambiwa fungasheni, kikosi kinahamia London. London nako nikaanza upya: vyeti viombwe Nairobi, vikapotea, viombwe tena, nifanye mtihani wa Kiingereza, mimi niliyeandika ripoti za wodi kwa Kiingereza maisha yangu yote. Nikafaulu. Ikabaki hatua moja: nitafute mahali pa kufanya kazi miezi michache nikisimamiwa, ndipo baraza lao la wauguzi liniandikishe.

Hatua moja! Kila nesi aliyetoka ng'ambo alikuwa anatafuta hiyo hiyo. Nilipiga simu nyumba za wazee za London nzima, mpaka nikawa najua mtu atanikatalia kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Na huku nyumbani Mwadime anajiandaa kupelekwa Afghanistan, na pale kambini wake za askari wote wanasema wakirudi tu kikosi kinahama tena, hakuna anayejua ni wapi. Nikawa silali. Nikikosa nafasi hiyo kabla hatujahama, ndiyo basi, nitakuwa mke wa koplo mpaka nizeeke.

Halafu kulikuwa na yule mama wa baraza la wauguzi niliyeongea naye kwa simu. Alikuwa na adabu zake, sina ugomvi naye. Lakini katika kuagana akaniambia, kama mtu anayekukumbusha mwavuli, kwamba mpaka jina langu liingie kwenye daftari lao nisijiite nesi mbele ya mtu yeyote hapa Uingereza, ni kosa la sheria. Akakata simu, akaenda zake kunywa chai nadhani. Mimi yale maneno niliyabeba kama amri ya kumi na moja. Hata kanisani mtu akiniuliza nafanya kazi gani nilikuwa najibu, "Niko tu."

Basi siku moja mwezi wa Septemba nikapata simu: nyumba moja ya wazee kule Thornton Heath, meneja anataka kuniona, kesho saa nane mchana. Nikampigia rafiki yangu Mama Neema, Mkongomani wa Bukavu anayeishi Stratford, yeye alikuwa amefanya kazi za kuhudumia wazee siku nyingi. Nikamwambia nafikiria kuvaa sare yangu ya Kenya.

"Dada," akasema, "ile robe, ile nguo, uache kwanza. Huku ba-nesi habavalake vile mu basi. Batakucheka."

"Nitavaa koti juu yake."

"Basi vaa koti, na usilitoe!"

Mnaniuliza kwa nini nilitaka kuivaa, na nimeonywa na baraza na nimeonywa na Mama Neema. Nitawaambia ukweli. Asubuhi ile niliijaribu tu mbele ya kioo, nione kama bado inanitosha (ilinitosha, zipu ikalalamika kidogo), na nilipofunga ule mkanda kiunoni nikamwona Sista Wakesho, yule wa wodini. Miaka yote hiyo sijamwona. Nikashindwa kuivua. Nikajiambia yule meneja naye akimwona hatanikatalia, maana kwa simu wote walikuwa wananikataa bila kuniona.

Nikavaa koti refu, nikalifunga mpaka shingoni, kofia nikaitia kwenye mkoba. Treni nayo ilikuwa na joto, mwaka ule Septemba ilikuwa na jua kama la kwetu, nikavumilia, jasho linanitiririka mgongoni, mpaka nilipopanda basi la mwisho nikahofia nitafika sare imelowa. Nikavua koti. Vituo vichache tu vimebaki, nikasema. Na kwa kuwa koti nimeshavua, nikaona nivae na kofia kabisa, dirisha lilikuwa linanionyesha sura yangu vizuri, na pale mlangoni nisije nikaibandika upande. Hilo ndilo kosa, wenzangu. Bila kofia ningekuwa mwanamke aliyevaa gauni jeupe.

Watu wa basi zima waligeuka. Kulikuwa na fundi ujenzi mmoja, Mzungu, buti zimejaa vumbi, kopo la soda mkononi, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva, "Dada, unakwenda kwenye pati?" Maana kwao, nilikuja kujua baadaye, mwanamke anayetembea barabarani na kofia ya namna ile ni mtu aliyekodiwa kwenda kuchekesha watu kwenye sherehe. Mimi nikaona afadhali pati kuliko sheria. Nikacheka kidogo, nikasema, "Ndiyo, pati." Watu wakacheka, nikacheka nao.

Mbele, kwenye viti vya wazee, alikuwa ameketi bibi mmoja amejitanda mtandio mweusi, na pembeni yake msichana wa miaka kama kumi, amevaa sare ya shule. Bibi alikuwa anazungumza na yule mtoto kwa Kiswahili kile cha Unguja kilaini, kwamba daktari awaone mapema wapate kurudi kupika futari, na mtoto anamjibu kwa Kiingereza, "Yes, Bibi. Okay, Bibi." Nikaelewa kwamba mtoto ametolewa shule amfasirie bibi yake kwa daktari. Nilifurahi kusikia Kiswahili, nikataka kuwasalimia, halafu nikakumbuka kofia, nikajikausha kimya.

Kisha bibi akanyamaza. Nilimtazama kwa mazoea tu, jicho la nesi halilali. Nikaona anapangusa jasho, akapangusa tena, na basi lenyewe milango ilikuwa inafunguka kila mara na upepo unaingia. Mikono ikaanza kutetemeka. Akasema neno lisiloeleweka, akainama upande, mtandio ukamdondoka begani.

Mtoto akapiga kelele, "Bibi!" Akageuka, akaangaza macho basi zima, na kati ya watu wote wale akaona nini? Akaona kofia. Akaja mbio akanishika mkono.

"Are you a nurse?"

Nisikilizeni vizuri. Nilijua bibi ana nini. Nilijua kabla mtoto hajainuka kitini. Lakini kichwani ilikuja sauti ya yule mama wa simu, ikaja leseni, akaja Mwadime na sanduku, zikaja zile simu zote nilizokatiwa, na nikaona nikimgusa bibi huyu akinifia mikononi, mimi nisiyekuwemo kwenye daftari lao, sitapata leseni Uingereza wala Kenya wala mbinguni. Nikamwambia mtoto, kwa Kiingereza, watu wote wanasikia, "Hapana, mimi si nesi. Hii ni nguo ya pati."

Na nikasogea kiti. Ndiyo. Nilisogea kiti cha ndani, karibu na dirisha, kama vile kilichokuwa kinatokea hakitanifikia nikiwa pembeni.

Mtoto hakulia. Afadhali angelia. Alinitazama tu, kisha akarudi kwa bibi yake akamshika mashavu. Dereva akasimamisha basi, akapiga simu ya ambulensi. Watu wakaanza kusema, mmoja anasema ni moyo, mwingine anasema amelewa (na mtandio wote ule!), wengine wanasema asiguswe. Ndipo nikamsikia bibi, sauti nyembamba, maneno yanakokotana: "Sukari... sukari yangu hiyo... niitieni mtu..."

Kwenye basi lile hakuna aliyeelewa ila mimi na mtoto, na mtoto hakujua la kufanya nalo.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka niko chini nimepiga magoti, mkono wake ni baridi na umelowa, namwambia, "Bi mkubwa, nisikie, unanisikia? Meza mate nione." Akameza. Nikamuuliza mtoto, "Amekula nini leo?" Akasema hajala, anafunga, ni Ramadhani, na asubuhi alijichoma sindano yake ya sukari kama kawaida. Yesu wangu! Nikageuka nikamnyang'anya yule fundi soda yake. Sikuomba, niliipokonya, akabaki na mkono hewani.

"Bibi, kunywa kidogo. Funda moja."

Akafumba midomo. Nusu ya akili yake imeshaondoka, lakini hiyo nusu iliyobaki ilikuwa na dini yote. "Nimefunga miye," akasema, "nimefunga," na akanipiga kofi mkononi, soda ikanimwagikia kifuani, ile nyekundu, kwenye sare nyeupe. Nikambembeleza, mgonjwa ana ruhusa, Mungu mwenyewe ameruhusu (mimi mtu wa Anglikana namfundisha Mwislamu dini yake, mnaona tulipofika). Akakataa. Ikabidi nimshike kidevu. Nikachovya kidole kwenye soda nikampaka ndani ya shavu, nikarudia, nikarudia, mpaka akaanza kulamba, kisha akakubali funda, nikangoja ameze, nikampa lingine.

Sasa jitieni macho ya wale abiria. Wao wanachokijua ni kwamba huyu mwanamke amesema kwa kinywa chake si nesi, ni mchekeshaji wa pati. Halafu wanamwona amenyakua kopo la mtu, amemkaba kidevu kikongwe anayepigana naye, anamtia vidole mdomoni. Mama mmoja akaanza kupiga kelele, "Si nesi huyo! Amesema mwenyewe si nesi! Mtoeni!" Mwingine akanivuta mkanda kwa nyuma. Fundi akamwambia dereva aite na polisi. Mimi nasema kwa Kiingereza, "Mimi nesi! Mimi nesi kweli!" na kadiri ninavyosema ndivyo wanavyozidi kuamini nina wazimu. Kofia imeshaanguka, mtu ameikanyaga.

Ambulensi ilifika upesi, na polisi nyuma yake. Wale wa ambulensi wakamtoboa bibi kidole, wakapima, wakatazamana. Mmoja akauliza nani amempa kitu kitamu. Watu wote wakaninyooshea kidole kwa pamoja, kama wanafunzi wanaomtaja mwizi wa chaki. Akasema, "Amefanya vizuri. Bado iko chini, lakini inapanda." Aliyekuwa amenishika mkanda akauachia.

Na bibi naye, akili zilipomrudia, akajikuta na utamu mdomoni, akauliza, "Nnani huyu kanfungulisha?"

"Ni mimi, bibi. Nisamehe. Sukari ilikuwa imeshuka sana."

Akanitazama toka juu hadi chini, madoa yale yote. "Mwanangu, we Mswahili?"

"Natoka Kenya, bibi."

"Na tangu mwanzo upo humu ndani?"

Mtoto alikuwa amesimama pale, anaelewa Kiswahili chote, akaniangalia. Bibi akasema tu, "Haya. Mungu akulipe," wakambeba, na mpaka leo sijui alinishukuru au alinishitaki.

Polisi alikuwa kijana, mpole. Akanipeleka pembeni akaniuliza swali dogo kabisa: "Wewe ni nesi?"

Nikisema ndiyo, nimevunja sheria ya mama wa simu. Nikisema hapana, nimevaa nini, na nilikuwa namfanya nini yule bibi? Nikasema, "Kenya, ndiyo. Hapa, bado." Akaandika, akafuta. Akaniomba kitambulisho, nikampa kile cha familia za jeshi, ndicho nilichokuwa nacho, akazungumza na redio yake, redio ikazungumza na kambi, na hivyo ndivyo sajenti wa mume wangu alivyopata habari kwamba mke wa Koplo Mwadime ameshikwa kwenye basi amevaa nguo za pati. (Jioni Mwadime aliniuliza swali moja tu: "Wakesho, pati ya nani?")

Nilipoona polisi ameridhika nikamwambia nina intavyuu na nimechelewa, na hapo ndipo machozi yalinitoka, mbele ya abiria waliokuwa wameteremshwa, mbele ya wauza mboga wa barabara nzima. Kijana wa watu akanionea huruma. Akasema atanipeleka kwa gari lake.

Sasa fikirieni nyumba ya wazee yenye madirisha makubwa, wazee wamepangwa kwenye viti wanatazama barabara, maana hawana televisheni iliyo bora kuliko hiyo, na gari la polisi linaingia, na anateremka Sista Wakesho, madoa mekundu kifuani, nywele zimesimama, kofia iliyokanyagwa mkononi. Mzee mmoja alipiga makofi. Meneja akatoka mbio mlangoni. Aliitwa Bi Pamela, Mwingereza mrefu wa makamo, asiye na tabasamu la bure.

"Kabla hatujaanza," akasema tulipoketi, "hiyo ni damu?"

"Ni soda."

"Nieleze."

Nikaeleza. Nilikuwa nimechoka kupanga maneno, nikaeleza yote, koti, kofia, pati, sukari, funga. Alisikiliza bila kuandika kitu. Kisha akauliza, "Mtoto alipokuja kwako mara ya kwanza, ulifanya nini?"

"Nilisema mimi si nesi."

"Halafu?"

"Nikasogea kiti."

Nilidhani atasema asante, kwaheri. Akauliza lingine ambalo sikulitarajia. "Na kama yule bibi asingesema Kiswahili, ungeinuka?"

Jamani. Nilitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imefika mdomoni, na leseni yangu yote ilikuwa nyuma ya hiyo ndiyo. Lakini nikamkumbuka yule mtoto anavyonitazama. Nikasema, "Sijui."

Akasema, "Sheria inakukataza kujiita nesi. Haijakukataza kupiga magoti." Akaniambia nitapigiwa simu.

Wiki ile sikula. Kambini kila mke wa askari alikuwa na kichwa chake cha habari, mmoja akaja kunipa pole kwa kufungwa. Kila simu ikilia nawaza, ni baraza limesikia, ni polisi wamebadili mawazo. Mwadime akawa anaipokea yeye, na siku moja akanikabidhi, akaenda kusimama dirishani amenipa mgongo. Alikuwa Bi Pamela. Alisema nianze Jumatatu, na nitavaa sare watakayonipa wao, nitavalia kazini na kuvulia kazini.

Nilianza kazi Mwadime akiwa ameshaondoka. Ilikuwa miezi migumu, lakini jina langu liliingia kwenye daftari lao kabla hajarudi, na kikosi kilipohamishwa kaskazini mwa Uingereza, safari hiyo sikuanza upya. Leseni ilihama nami. Bi Pamela hakuwahi kunitajia tena basi lile, isipokuwa kila akipita akanikuta na mgonjwa alikuwa anasimama kidogo kutazama mikono yangu.

Yule bibi na mjukuu wake sikuwaona tena. Niliwahi kuzunguka Thornton Heath siku za mapumziko, nikitazama kila mtandio mweusi, nikitafuta la kumwambia yule mtoto, na nashukuru sikuwaona maana la kumwambia sikulipata. Lakini niliweka nadhiri, na hii naishika: sare nje ya kazi sivai, hata wanifukuze uchi, na mtu akiniuliza popote, sokoni, kanisani, ndegeni, nikiwa na khanga na ndara, kama mimi ni nesi, sifikirii sheria wala simu ya mtu. Nasema ndiyo, halafu ndipo naanza kuogopa.